Kutoka jiwe la Shinkolobwe hadi picha ya moyo wa mtoto

LIKASI. Mwaka uliopita, asubuhi moja mapema, mama mmoja wa Kikula aliingia kwenye radio yetu akiwa amemshika mkono mtoto wake wa miaka sita. Alikuja kupitisha tangazo la kuomba msaada. Kwa kawaida matangazo kama hayo tunayaandika kwa mistari minne, tunayasoma mara tatu kwa siku, basi. Lakini siku hiyo nilimwuliza mtoto anaumwa nini. Mama akanijibu kwa Kiswahili chetu cha hapa: « Papa, mutoto anachezaka kidogo tu, kisha anachuchumaa chini. Midomo inageuka bluu. Batu banasema balimuloga. »

Kisha akatoa ndani ya mfuko wa plastiki karatasi moja ya kung'aa, nyeusi na nyeupe, iliyokunjwa kwenye pembe. Ilikuwa ekografi ya moyo, waliyoifanya Lubumbashi. Chini yake daktari alikuwa ameandika jina la ugonjwa kwa Kifaransa: tétralogie de Fallot. Mama hakuweza kusoma picha ile, na mimi pia sikuweza. Ila aliishika kama mtu anavyoshika hati ya kiwanja. Miaka sita watu walikuwa wakimwambia mtoto amelogwa, na karatasi ile ndiyo ya kwanza iliyomwambia kitu kingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuulizia: binadamu alianzaje kuona ndani ya moyo wa mtu aliye hai? Historia hiyo ni ndefu, na kwa mshangao wangu, inapita karibu sana na hapa kwetu. Ndiyo ninayowaletea leo, wasomaji wapenzi.

Ugonjwa wa bluu

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kwa kila watoto 1000 wanaozaliwa duniani, kama 8 hadi 10 wanazaliwa na moyo ambao haukujengeka vizuri tumboni mwa mama. Wengine wana tundu dogo linaloziba lenyewe. Wengine wana mishipa iliyogeuka nafasi, au vali iliyobana, au chumba cha moyo ambacho hakikukua. Si dhambi ya mama wala mkono wa jirani. Moyo unajengwa katika wiki za mwanzo kabisa za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba.

Ugonjwa wa Fallot una mambo manne pamoja: tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, njia iliyobana ya kupeleka damu kwenye mapafu, mshipa mkubwa wa mwili uliokaa juu ya lile tundu, na nyama ya chumba cha kulia iliyonenepa kwa sababu ya kusukuma kwa nguvu. Damu isiyopita mapafuni haipati hewa, inazunguka mwilini ikiwa nyeusi, na ndiyo maana midomo na kucha zinakuwa za bluu. Mtoto anapochuchumaa anabana mishipa ya miguu, na damu zaidi inalazimika kupita mapafuni. Hakuna aliyemfundisha. Mwili wake ndio ulioitafuta dawa hiyo peke yake.

Daktari Étienne-Louis Arthur Fallot wa Marseille, Ufaransa, alieleza mambo hayo manne mwaka 1888. Lakini aliyajua kwa kupasua maiti. Alipomjua mgonjwa vizuri, mgonjwa alikuwa amekwisha kufa. Hilo ndilo lilikuwa tatizo la madaktari wote wa wakati ule: waliweza kusikiliza moyo, lakini hawakuweza kuuona.

Radio ya kwanza

Tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Röntgen, mwalimu wa chuo kikuu cha Würzburg, Ujerumani, aligundua miali inayopita ndani ya nyama na kuonyesha mifupa. Hapa Likasi picha hiyo tunaiita « radio », na mara nyingi wasikilizaji wananitania: wewe ni wa radio gani, ile ya kusema au ile ya kifua?

Radio ya kifua ilionyesha kivuli cha moyo: mkubwa au mdogo, umekaa vizuri au umelala. Ndani ya kivuli hakuna kilichoonekana, kwa sababu damu na nyama ya moyo vinafanana mbele ya miali hiyo. Ilikuwa kama kuona nyumba kwa nje usiku bila kujua ina vyumba vingapi.

Jiwe letu

Hapa ndipo historia inapogeuka na kuja kwetu. Mwaka 1915, Mwingereza Robert Sharp, aliyefanya kazi na Union Minière du Haut-Katanga, aligundua jiwe la urani pale Shinkolobwe, kilomita kama 20 hivi kutoka mji wetu. Jiwe lile lilikuwa na urani nyingi kuliko karibu kila jiwe lililojulikana duniani. Lakini wakati ule hakuna aliyetafuta urani. Walichotaka ni radiamu, chembe ndogo sana iliyojificha ndani yake, ambayo madaktari wa Ulaya na Marekani waliitumia kutibu saratani.

Baba zetu walichimba na kupakia mawe yale kwa mikono. Yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, na kuanzia mwaka 1922 kiwanda cha huko kilianza kutoa radiamu. Kwa miaka kama kumi Ubelgiji ndiyo iliyoshika soko la radiamu duniani, hadi Kanada ilipoanza kutoa yake katika miaka ya 1930. Jina la mji wetu, ambao mwaka 1931 uligeuzwa kuitwa Jadotville, halikuandikwa kwenye vichupa vile vya hospitali.

Ni katika miaka hiyohiyo ndipo radiamu ilipotumika kwa mara ya kwanza kuufuatilia moyo. Huko Boston, Marekani, daktari Herman Blumgart alikuwa na swali moja: damu inachukua muda gani kutoka mkono mmoja, kupita moyoni na mapafuni, hadi kufika mkono wa pili? Alichukua chembe inayotokana na radiamu, akaiingiza kwenye mshipa wa mkono mmoja, akaweka kipimo kwenye mkono wa pili. Kwa mtu mzima wa afya, sekunde kama 18 zilitosha. Kwa mtu mwenye moyo mchovu, muda ulikuwa mrefu zaidi. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1927, na leo walimu wa utabibu wanaihesabu kuwa mwanzo wa upimaji wa moyo kwa dawa zinazotoa miali.

Watu wengi wa Likasi, ukiwatajia Shinkolobwe, wanakumbuka bomu la Hiroshima la mwaka 1945, na wana haki. Lakini radiamu ilitangulia bomu. Kabla jiwe letu halijaitwa jiwe la kuua, lilikuwa linauzwa kama jiwe la kutibu.

Daktari asiyesikia vizuri

Turudi kwa watoto wa bluu. Mwaka 1929, katika mji mdogo wa Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijiingiza mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe, akausukuma hadi moyoni, kisha akatembea kwa miguu hadi chumba cha radio ili wampige picha. Wakubwa wake hawakufurahi. Lakini mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na madaktari wawili wa Marekani walioiendeleza kazi hiyo. Kwa njia ya mpira ule, unaoitwa katheta, daktari aliweza kupima nguvu ya damu ndani ya kila chumba cha moyo, na kuingiza dawa inayoonekana kwenye radio. Huko Havana, Cuba, daktari Agustín Castellanos na wenzake walichapisha mwaka 1937 picha za mioyo ya watoto walizozipata kwa kuwadunga dawa ya namna hiyo mshipani.

Na huko Baltimore, Marekani, kulikuwa na mama mmoja, Helen Taussig, aliyeongoza kliniki ya moyo ya watoto kwenye hospitali ya Johns Hopkins tangu mwaka 1930. Masikio yake yalipungua nguvu, kwa hiyo hakuweza kutegemea kusikiliza kama wenzake. Alitumia vidole vyake kuhisi mapigo, na alitumia mashine ya radio inayoonyesha moyo ukitembea. Aliwageuza watoto huku na huku mbele ya mashine, akaangalia kivuli kutoka kila upande. Kwa subira hiyo alitambua kwamba watoto wengi wa bluu hawafi kwa sababu moyo umechoka. Wanakufa kwa sababu damu haifiki mapafuni ya kutosha.

Wazo hilo alilipeleka kwa mpasuaji Alfred Blalock na msaidizi wake Vivien Thomas, kijana mweusi ambaye hakuwahi kusomea udaktari chuoni, lakini ndiye aliyeijaribu njia hiyo kwa mbwa kwenye maabara. Tarehe 29 Novemba 1944 walimpasua mtoto wa kwanza: waliunganisha mshipa wa mkono na mshipa wa mapafu. Thomas alisimama nyuma ya Blalock akimwelekeza.

Angalia mpangilio wa mambo, msomaji. Upasuaji ulikuja baada ya mtu kuona. Mikono ya wapasuaji ilikuwapo, lakini haikujua ishike wapi hadi mtu alipoelewa tatizo liko sehemu gani ya moyo. Mpangilio huo haujabadilika hadi leo.

Mashine ya kukagua chuma

Sehemu inayofuata wachomeaji na wafanyakazi wa viwanda vya Shituru wataipenda. Mwaka 1953, huko Lund, Uswidi, daktari Inge Edler alichoka kuona mioyo ikipasuliwa kwa kubahatisha. Alimwuliza rafiki yake, mtaalamu wa fizikia Hellmuth Hertz, kama kuna njia ya kuona vali za moyo bila kumjeruhi mgonjwa. Hertz alijua kwamba kwenye karakana ya meli ya Kockums, mji wa Malmö, walikuwa na mashine inayotuma mawimbi ya sauti ndani ya chuma ili kutafuta nyufa. Wakaiazima. Hertz aliiweka kifuani mwake mwenyewe, na akaona alama inayocheza pamoja na mapigo ya moyo wake.

Mwezi Oktoba wa mwaka huo walichukua rekodi ya kwanza ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Hiyo ndiyo bibi ya ekografi ya moyo tunayoijua leo. Sauti hiyo ni nyembamba mno, sikio la mtu haliisikii. Inaingia mwilini, inagonga ukuta wa moyo na kurudi kama mwangwi, na mashine inageuza mwangwi kuwa picha. Katika miaka ya 1980 iliongezwa rangi: damu inayokuja inapewa rangi moja, inayokwenda rangi nyingine, na tundu lililojificha linaonekana damu ikivuka. Haina mwali wa kudhuru, haina sindano. Leo kuna mashine za ekografi zinazobebwa mkononi, na hata mtoto aliye tumboni anaweza kuangaliwa moyo wake.

Skana na IRM

Lakini ekografi ina mipaka. Sauti haipiti vizuri kwenye mfupa wala kwenye hewa ya mapafu. Kadiri mtoto anavyokua, kifua kinakuwa kigumu kwake, hasa kama alikwisha kupasuliwa. Mashine mbili zilikuja kujaza pengo hilo.

Ya kwanza ni skana. Wengi wanajua kwamba Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyeitengeneza, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971. Wachache wanajua kwamba hesabu zake zilianza pia huku kusini mwa Afrika. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg, na mwaka 1956 alikuwa akifanya kazi kwenye hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Huko alianza kujiuliza jinsi ya kukusanya picha nyingi za miali kutoka pande mbalimbali na kuzifanya picha moja ya ndani. Wawili hao, waliofanya kazi mbalimbali bila kushirikiana, waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Skana ya siku hizi inauchora moyo mzima kwa sekunde chache, na mishipa yake yote, kiasi kwamba mpasuaji anaweza kuuzungusha kwenye skrini kabla ya kushika kisu.

Ya pili ni IRM, inayotumia sumaku kubwa badala ya miali. Paul Lauterbur wa Marekani alichapisha picha za kwanza za namna hiyo mwaka 1973, na mwaka 2003 yeye na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Nobel. Kwa mtu aliyezaliwa na ugonjwa wa moyo, IRM inajibu swali ambalo nyingine zinalijibu kwa shida: chumba cha kulia kimepanuka kiasi gani, na damu kiasi gani inarudi nyuma kila pigo? Mtoto wa Fallot aliyepasuliwa akapona, mara nyingi anabaki na vali inayovuja. Anaweza kuishi miaka ishirini bila kuhisi lolote huku chumba kikitanuka polepole. Madaktari wanafuatilia vipimo hivyo mwaka hadi mwaka ili wajue siku ya kumwekea vali mpya: si mapema mno, wala si baada ya moyo kuharibika. Siku hizi IRM inaweza hata kuonyesha mkondo wa damu ukizunguka ndani ya moyo pande zote.

Na shaba? Nyaya za sumaku ile kubwa zimezungushiwa shaba. Vyuma vidogo vingi vya kupanua mishipa vinatumia mchanganyiko wenye kobalti. Sisemi kwamba ni shaba ya Shituru hasa. Nasema tu kwamba kijana wa Likasi anayechimba usiku kucha hayuko mbali na mashine hizo kama anavyofikiri. Umbali mkubwa uko upande wa kurudi.

Njia ya kurudi

Kongo yetu ilikuwa mbele zamani. Mwaka 1959, chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kiliwasha mtambo wa nyuklia wa kwanza katika Afrika nzima, kwa ajili ya utafiti. Leo mzazi wa Likasi anayetaka kujua hali ya moyo wa mtoto wake anapanda gari kwenda Lubumbashi, kilomita kama 120. Anayetaka upasuaji anatazama mbali zaidi. Wengine wanakwenda India. Majirani zetu pia wamejenga: Kampala wana Uganda Heart Institute pale Mulago, na Dar es Salaam wana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu mwaka 2015, ambako wagonjwa wa nchi nyingine, Kongo ikiwemo, wanapokelewa. Huko mzazi wetu ana faida moja isiyo ndogo: anaongea na nesi kwa Kiswahili, bila mkalimani.

Lakini popote anapokwenda, swali la kwanza atakaloulizwa ni lilelile la Taussig: picha iko wapi? Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema kwamba bila hospitali kubwa ya moyo hatuwezi kufanya lolote hapa. Historia niliyoieleza inaonyesha kinyume. Ilianza na daktari aliyegeuza watoto mbele ya mashine ya kawaida, na mashine ya kuazima kutoka kwa watengeneza meli. Hatua ya kwanza kwetu haihitaji IRM.

Inahitaji jicho la mkunga. Inahitaji kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma hewa ndani ya damu, ambacho Mjapani Takuo Aoyagi alikigundua katika miaka ya 1970 na ambacho sote tulikifahamu wakati wa Covid. Mtoto mchanga akipimwa nacho mguuni siku ya pili, namba ikawa chini ya 90 kwa mia, anatakiwa aonwe haraka na daktari. Baada ya hapo ndipo inakuja ekografi ya moyo na mtu aliyefundishwa kuisoma. Mashine bila mtu huyo ni sanduku la mwanga tu.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mwangalie mtoto kwenye mwanga wa jua, si kwenye taa: ulimi na midomo vina rangi gani? Anatoka jasho na kupumzika kila mara anaponyonya? Haongezeki uzito? Anachuchumaa akicheza? Ukiona mojawapo, nenda kituo cha afya na uombe wamsikilize moyo. Sala inaweza kuendelea njiani, hakuna anayeizuia. Lakini usimpeleke mtoto huyo kufungishwa njaa siku tatu ili pepo atoke.

Yule mama wa Kikula, tangazo lake tulilisoma kwa wiki nne badala ya siku tatu. Mchango umefika nusu ya nauli. Mtoto bado anachuchumaa, lakini majirani wameacha kumkimbia, na watoto wenzake wamejifunza kusimamisha mpira hadi anyanyuke. Mara ya mwisho nilipomwona mama, alikuwa bado ana karatasi yake ndani ya plastiki. Safari hii yeye ndiye aliyenionyesha kwa kidole: « Tundu ni hii, Papa. Na hapa ndiyo njia inabana. »